Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: semina, mafunzo ya wapya, kuhuisha programu. Zilifanyika. Nisiwachoshe.

Niende kwenye lililozua maneno, yaani uamuzi wangu wa kuondoa mahesabu ya zamani ya kompyuta kuhusu hematiti, madini ya oksidi ya chuma, kwenye hazina yetu ya pamoja. Wapo waliosema mwenyekiti anafuta jasho la watu. Sikufuta, niliyaweka kando, na sababu ninazo.

Pengo la nishati la hematiti, yaani nishati ya chini kabisa ya kuinua elektroni hadi iweze kupitisha umeme, ni takriban elektronivolti 2. PBE tupu, fomula ya kawaida ya kukadiria nishati ya elektroni, hutoa kama 0.5, kwa kuwa huzitawanya mno elektroni za chuma za kundi la d. Ukiweka U, sahihisho linalozibana elektroni hizo, ya takriban elektronivolti 4 kwenye chuma, pengo hurudi panapostahili. Hapo hatubishani. Tatizo ni kwamba baadhi ya faili zilikuwa na U ya 4 kwenye bamba (kipande chembamba kinachowakilisha uso wa madini) lisilo na kitu juu yake, na U nyingine kwenye bamba lenye molekuli ya maji. Hesabu hiyo hutaka kutoa nishati ya bamba moja kwenye ya jingine, na nishati za U mbili tofauti hazitoleani. Kinachopatikana si nishati ya maji kunata kwenye uso wa madini, ni takataka yenye desimali nne.

Kisha spini, yaani mwelekeo wa usumaku wa kila atomi. Seli ya msingi, kipande kidogo kabisa kinachojirudia kwenye fuwele, ina atomi 10, nne zikiwa za chuma, na spini zake kwenye mhimili c hupangika juu, chini, chini, juu. Ukizianzisha zote juu, programu yaweza kutulia hapo hapo bila kulalamika. Dalili ni sumaku ya jumla isiyo sifuri, na mstari wake umo kwenye faili ya matokeo, kwa atakayesoma. Nilizikagua mwenyewe, maana kamati ya ukaguzi haikutimiza akidi hata mara moja.

Mlioniambia nitumie HSE06, fomula nzito kuliko PBE, mmepiga hesabu? Ile robo yake ya mabadilishano halisi (athari ya elektroni kubadilishana nafasi), kwenye programu zinazoeleza elektroni kwa mawimbi bapa, hula muda mara kadhaa zaidi, mara nyingine makumi. Hata kwa PBE, atomi zikiongezeka mara mbili, muda hukaribia mara nane. Saa hizo za kompyuta hulipiwa kwa ada zenu, na zaidi ya nusu yenu hamjalipa. Wenye sauti kubwa kuhusu HSE06 wamo humo.

Mahudhurio sitayaficha. Semina ya talki, madini laini ya tabaka, ilipata watu saba. Wiki mbili baadaye nikaulizwa na tisa kwa nini tabaka zao za talki zinaachana. Hamkuweka D3, ndugu zangu. Tabaka hizo hushikwa na nguvu dhaifu ambazo PBE haizioni, na D3 ndiyo sahihisho linaloziongeza. Ndilo lililofundishwa siku ile.

Mwakani tunatarajia, Mungu akijalia, kuyarudia mahesabu ya hematiti na pengine kuanza goethiti, madini mengine ya chuma. Faili zilizowekwa kando zipo. Mwenye yake aje na jaribio la kikomo cha nishati (kuonyesha kwamba jibu halibadiliki ukiongeza mawimbi), U moja kote, na sumaku ya jumla sifuri kwa seli ya msingi. Nitairudisha siku hiyo hiyo.

Mwenyekiti