Barua kwa mwanangu: vizibo kabla ya Nairobi

Mama,

Kaka yako ameniambia mnaondoka Alhamisi usiku, na kwamba huko Nairobi bendi yenu mtapiga muziki siku tatu mfululizo. Safari sina neno nayo. Neno langu ni masikio. Umenunua vile vizibo? Usinijibu "nitanunua".

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kuulizana "unasemaje?" mpaka salio linakwisha.

Albamu yenu nimeisikiliza. Yote, nyimbo tisa, kwa sikio la kulia. Mwimbaji wenu anabweka, mwambie angalau atamke mwisho wa neno. Ila ule wimbo wa nne, wa foleni ya matrela pale mpakani Malaba, nimeurudia mara tano. Kumbe miaka yote ile ulikuwa unaona, nami nilidhani umezubaa tu. Nimemchezea fundi cherehani wa jirani, akauliza kama simu imeharibika. Nikamwambia huyo anayepiga ngoma ni binti yangu.

Yule mtangazaji aliyeucheza nusu dakika akaukata huku anacheka, mwache. Najua waliokuuma ni wale walioandika kuwa Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Wana sababu yao. Zama za Amin wapo waliogongewa mlango usiku kwa Kiswahili, na mtu hasahau sauti ya namna hiyo. Lakini katiba yetu ya Uganda imekitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, na hata kabla ya hapo bibi yako aliombea dua kwa Kiswahili hicho hicho. Usibadilishe neno hata moja.

(Hilo tamasha la Nyege Nyege la Jinja mnalolitamani, nendeni. Najua kwa Waganda "nyege nyege" ni hamu ya kucheza inayomshika mtu ghafla. Lakini wakwe zangu wanajua Kiswahili. Nimewaambia unakwenda kwenye shughuli ya Mto Nile.)

Kaka yako, kwa kunituliza, alinisomea habari za Ramones, wale vijana wa New York. Albamu yao ya kwanza, mwaka 1976, nyimbo 14 zisizofika nusu saa, waliirekodi kwa muda wa wiki moja hivi, kwa dola 6,400. Kwenye chati ya Marekani ilikomea namba 111. Ilipokuja kupewa tuzo ya dhahabu kwa mauzo yake ilikuwa 2014, na wale wanne wa mwanzo alikuwa amebaki mmoja, naye akafariki mwaka huo huo. Kaka yako akasema, unaona baba, wana muda. Mimi nikahesabu. Miaka 38! Utakuwa na miaka 62. Watakapokuja kukupigia makofi nataka uyasikie.

Mimi nilisaga unga miaka 22. Mwanzoni, nikizima mashine jioni, kilibaki kilio chembamba kama cha mbu, kufika asubuhi kimekwisha. Halafu siku moja hakikwisha. Daktari aliyenipima Mbale alisema ndani ya sikio mna vinyweleo, vikifa havioti tena. Sauti ya desibeli 85 mtu anaweza kukaa nayo saa nane kwa siku. Kila zinapoongezeka tatu, muda unakatwa nusu. Zikifika 100 una dakika 15 tu. Wewe unafanya mazoezi saa tatu chini ya mabati, na matoazi yako usawa wa uso. Pamba haisaidii, usinidanganye na pamba. Masikio yakilia baada ya kupiga, usiseme ni uchovu.

Na usifikiri ni hofu ya mzee wa kijijini. Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who ya Uingereza, amesema mwenyewe hadharani jinsi kelele za muziki zilivyomharibu masikio.

Mama yako amenikataza kuandika hili. Kazi zako za shule ulizifanyia pale pale juu ya magunia, kwa kuwa nilihitaji mtu wa kuhesabu madebe. Siku zile sikujua. Wateja walikuwa wakiziba masikio mlangoni, hilo nililiona. Basi kapimwe, tujue ulianza na kiasi gani.

Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja dhaifu. Paa la jikoni linavuja tena upande ule ule. Mama yako anaamka usiku kusogeza sufuria, mimi nalala tu. Mdogo wako amepanda darasa lakini hesabu zake ni za kulia. Zile laki mbili ulizotuma, moja imekwenda kwenye ada yake. Nyingine sijaigusa, nimempa kaka yako akuletee huko Kampala. Ni ya vizibo. Si ya nyaya, si ya mafuta ya gari la mwenzenu.

Alhamisi nitakuwa Malaba, upande wetu, pale kabla foleni ya matrela haijaanza. Mama yako anapika chapati. Mwambie kondakta wasimame dakika moja. Ukiniona usiniite, sitasikia. Washa tochi ya simu dirishani.

Baba yako