Wanaokwenda Uingereza waelezwe desturi za baa kabla hawajapanda ndege

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuseme jambo ambalo maelekezo ya safari huliruka kila mwaka. Wanafunzi wanaokwenda Uingereza kuanza masomo mwezi Septemba, na watu wa kampuni za utalii wanaokwenda London kila Novemba kwa maonyesho ya World Travel Market, huelezwa habari za viza, koti la baridi na nauli ya treni. Habari ya baa hawaelezwi, au huambiwa neno moja tu: usiende. Ushauri huo unawanyima mengi. Huko baa ya katikati ya jiji ndiko darasa linakokutana baada ya mhadhara na ndiko ofisi inakomuagia mfanyakazi anayeondoka. Msafiri aliyechoka naye hupata humo chakula cha moto, kiti na choo bila kuweka nafasi mapema. Wenyewe huiita pub, kifupi cha maneno yenye maana ya nyumba ya watu wote, na asiyekunywa huingia na kuketi kama anayekunywa. Kinachomkwaza mgeni ni desturi ambazo hazijabandikwa popote, na gazeti lenu lina uwezo wa kuzibandika.

Tunazungumzia baa za kawaida za kampuni kubwa, kama J D Wetherspoon iliyoanza London kaskazini mwaka 1979, Greene King ya Bury St Edmunds, au Nicholson's. Mgeni hazitambui upesi kwa sababu kila tawi lina jina lake mlangoni, na nyingi zimo ndani ya majengo yaliyokuwa na kazi nyingine. Crosse Keys ya mtaa wa Gracechurch, London, ilikuwa benki. Hamilton Hall, pale kituo cha Liverpool Street, ilikuwa ukumbi wa dansi wa hoteli. Moon Under Water ya Manchester ilikuwa sinema. Kwa hiyo nguzo za marumaru na dari la nakshi visikutishe, maana bei haitokani na dari. Inatokana na mahali: kampuni ileile na bia ileile, lakini tawi la uwanja wa ndege au kituo kikubwa huuza ghali kuliko la mtaa wa nyuma. Mwaka 2023 kampuni ya Stonegate ilitangaza kwamba baadhi ya baa zake zingeongeza peni 20 kwa painti, yaani glasi kubwa ya bia, nyakati za msongamano. Soma orodha ya bei kabla hujafungua mdomo.

Sasa kaunta, maana hapo ndipo wengi wetu hupotea. Nyumbani mtu huketi, mhudumu humfuata, humuuliza "ya moto au ya baridi?", hufungua chupa mbele yake, na chupa tupu hubaki mezani kama ushahidi wa bili. Katika baa ya Kiingereza ukiketi kungoja mhudumu utangoja hadi kufungwa. Hakuna anayekudharau. Wao wanaona umekaa kupumzika tu, na wanakuachia upumzike.

Fanya hivi. Tafuta meza kwanza na usome namba yake, ambayo huwa kwenye kibao kidogo au imegongomewa pembeni. Mwache mwenzako hapo. Kama uko peke yako acha koti, begi kamwe usiliache. Nenda kaunta ukiwa na kadi mkononi. Mara nyingi hutaona foleni ya mstari, lakini foleni ipo vichwani mwa watu: kila mmoja anajua nani alimtangulia. Simama penye uwazi, mtazame mhudumu, ungoje. Ile "psss" yetu ya kumwita mhudumu, mluzi, kugonga kaunta au kupunga noti, vyote huko ni matusi na vitakurudisha nyuma. Mhudumu akikugeukia na unajua aliye kando yako alitangulia, mwonyeshe huyo kwanza. Utahudumiwa baada yake, na kwa moyo mkunjufu. Ukikuta watu wamejipanga mstari mmoja kweli, kama inavyotokea siku hizi kwenye baadhi ya baa, ungana nao.

Agizo la meza nzima litoe kwa mkupuo. Kinachokera ni mtu anayetaja soda moja, akaletewa, kisha akakumbuka nyingine tatu. Kama kuna Guinness itaje mwanzo kabisa, kwa kuwa hujazwa kwa awamu mbili na huachwa itulie karibu dakika mbili. Vingine vitajazwa wakati ikitulia. Unalipa palepale, kabla hujanywa. Baadhi ya baa za mijini hazipokei tena fedha taslimu, kwa hiyo hakikisha kabla ya safari kwamba benki yako imefungua kadi kwa matumizi ya nje na kwamba unaikumbuka namba ya siri. Bakshishi haitarajiwi kaunta. Ukihudumiwa mezani unaweza kukuta asilimia 12.5 ya huduma imeongezwa kwenye bili. Mara nyingi hiyo ni hiari, uliza. Ukiilipa, tangu Oktoba 1, 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi yote bila kukata.

Chakula nacho huagizwa kaunta hiyohiyo kwa kutaja namba ya meza, au kwa programu ya simu ya kampuni husika. Kosa la kila siku ni kuhama meza baada ya kuagiza. Sahani hufuata namba, haifuati uso wako. Tena jiko hufungwa mapema kuliko kaunta, kwa hiyo anayeingia saa nne usiku na njaa aulize kwanza.

Kuhusu ofa, au raundi kama wasemavyo Kenya: Uingereza ni zamu. Mmoja hununulia wote, kisha mwingine, hadi zamu zizunguke. Ukipokea ya kwanza umeingia kwenye deni la kununua yako. Kama mfuko hauruhusu, au unakunywa soda tu, sema mapema kwamba utajinunulia mwenyewe. Hakuna atakayenuna.

Umri wa kununua pombe ni miaka 18, lakini wahudumu hufundishwa kumdai kitambulisho yeyote anayeonekana chini ya miaka 25. Kijana wa miaka 23 asione ameonewa. Pasipoti halisi inatosha. Picha yake kwenye simu kwa kawaida hukataliwa, na kitambulisho cha taifa kutoka nyumbani mhudumu anaweza kukikataa kwa sababu hakifahamu. Kumnunulia pombe aliye chini ya umri ni kosa la jinai kwa mnunuzi. Ni kosa pia kumuuzia aliyekwisha kulewa, kwa hiyo mhudumu akisema "basi" usibishane naye. Anailinda leseni.

Vipimo vimewekwa na sheria. Painti ni mililita 568, zaidi ya chupa yetu kubwa ya 500, na unaweza kuomba nusu bila aibu yoyote. Divai huuzwa kwa mililita 125, 175 au 250. Mhudumu atakuuliza ndogo au kubwa, na ile ya 125 haitaji, lakini baa za England na Wales zinalazimika kuwa nayo, kwa hiyo itaje wewe. Glasi ya 250 ni theluthi ya chupa nzima. Jini, ramu, vodka na wiski hupimwa kwa 25 au 35 kulingana na baa, na ukiulizwa kama unataka maradufu jua unauziwa mara mbili. Ukiona povu limekula glasi, omba ijazwe. Mwongozo wa biashara yenyewe unataka asilimia 95 ya painti iwe bia.

Wengi wa kwetu huonja bia ya pampu ya mkono, wakasema wamepewa ya moto. Si ya moto wala si ya baridi: hutunzwa chini ya sakafu kwenye nyuzi 11 hadi 13, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Bia hii hufika kwenye pipa, la kawaida likiwa la galoni 9 yaani painti 72, na chachu ndani yake bado ni hai. Gesi ya kusukuma haiwekwi. Kila painti ikivutwa, hewa huingia kuchukua nafasi yake, na hewa hiyo huanza kuiharibu bia. Pipa likishafunguliwa linapaswa kwisha kwa muda wa siku tatu hivi. Ndiyo maana bia ileile huwa tamu kwenye baa yenye watu na chachu kama siki kwenye baa iliyodorora. Chagua mpini ambao wengine wanauagiza, na omba uonjeshwe kidogo kabla ya kununua. Ni bure na ni kawaida. Kibao cha mpini kikigeuzwa nyuma, pipa limekwisha. Ukipata iliyochacha irudishe baada ya funda la kwanza, kwa upole, nao watakubadilishia. Aliyekunywa nusu nzima ndipo akalalamika hana hoja. Anayetaka baridi ya kweli aombe ya kegi, ile inayotoka kwenye bomba na kusukumwa kwa gesi.

Tunaomba hasa mumwandikie asiyekunywa, na Mwislamu kabla ya wote, maana yeye ndiye anayeachwa gizani. Maji ya bomba ni bure. Katika England na Wales baa inayouza pombe lazima iwape wateja wanaoyaomba. Chai na kahawa zipo katika karibu baa zote za aina hii. Lakini majina yanadanganya. Cider huko si juisi ya tofaa: ni pombe, mara nyingi ya asilimia 4 hadi 5. Shandy ni bia iliyochanganywa na soda. Lemonade, kinyume chake, ni soda nyeupe tu. Ginger beer kwa kawaida haina kileo, ila iko ya chupa yenye kileo, kwa hiyo uliza. Bia nyingi zinazoitwa hazina kileo zina asilimia 0.5, nyingine ni 0.0 kamili. Soma namba, jina liache.

Kwenye sahani, hatari imejificha zaidi. Unga uliokaangiwa samaki mara nyingi umekorogwa kwa bia, pai ya nyama inaweza kupikwa kwa bia, na chipsi zinaweza kukaangwa katika mafuta yale ya samaki. Gammon ni paja la nguruwe, black pudding ni damu yake, na soseji ya kifungua kinywa ni nguruwe isipoandikwa vinginevyo. Baa zina kitabu cha vyakula vinavyoleta mzio, vya aina 14, na wengi hukiamini kwa kila kitu. Pombe haimo katika hizo 14, nguruwe hayumo, na uhalali wa nyama haumo. Muulize mhudumu aende jikoni. Ukiona anasita, agiza viazi vya kuokwa na maharage.

London hujaa Alhamisi na Ijumaa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, wakati baadhi ya baa za mtaa wa mabenki hufungwa kabisa Jumamosi na Jumapili. Ukitaka kuzungumza na kusikika, nenda saa tisa alasiri. Siku ya mechi bia huweza kutolewa kwenye vikombe vya plastiki na mabaunsa wanaweza kumzuia aliyevaa jezi. Simu usiiweke mezani: wezi huifunika kwa gazeti au karatasi ya kuomba msaada, wakaondoka nayo. Chini ya kaunta nyingi kuna ndoano ya kutundikia begi mbele ya magoti yako. Kuvuta sigara ndani kumepigwa marufuku England tangu Julai 1, 2007. Ukitoka kuvuta funika glasi yako na umwachie mwenzako unayemwamini, vinginevyo mkusanya glasi ataichukua akidhani umeondoka.

Karibu na kufunga mhudumu hupiga kengele au hutangaza kwa sauti. Hiyo ni nafasi ya mwisho ya kununua, si amri ya kutoka. Baada yake hutolewa muda wa kumaliza kilichomo glasini, mara nyingi dakika 20, na taa huwashwa kwa nguvu. Rudisha glasi yako kaunta unapopita. Halazimishwi mtu, lakini wahudumu hulikumbuka hilo ukirudi tena.

Wasomaji wenu tunaofanya kazi kwenye kaunta,
London