Barua toka Madrid: kofi la maziwa na mwizi soseji

Mdogo angu, assalaam aleikum.

Mie mzima alhamdulillah, baridi tu la Madrid ndo linanitafuna vidole. Mpe mama shikamoo yangu, bibi pia, na mwambie dawa yake ya goti anakuja nayo mtu mwisho wa mwezi.

Voisi yako nimeisikia, ile ya wageni wako Wahispania waliorudi kwenye matembezi wamenuna wakakwambia nos han clavado, wewe ukafungua kamusi ukakuta clavar ni kupigilia msumari ukaanza kuwauliza wameumia wapi. Wallahi nilicheka peke yangu kwenye metro watu wakawa wananitazama. Hawakuguswa na mtu, walitozwa bei ya kukomoa, bila shaka na mapapasi wa hapo Forodhani, wale wanaong'ang'ania watalii. Ni kama sie tunavosema nimepigwa, mtu kauziwa simu feki Darajani anasema nimepigwa na mwilini hana hata mkwaruzo. Waingereza wanakwambia they stung me, yani nyuki kamuuma. Kwa hivo mgeni akikulilia hivo usikimbilie polisi, muulize kalipa sh'ngapi na kwa nani.

Na hapa ndo utamu wa Kihispania cha mtaani ulipo maana kupiga na kuiba vinalala kitanda kimoja. Palo ni fimbo, lakini dar un palo ni kwenda kuvamia benki au duka, Muingereza anasema knock off, nae si kaanza na knock, kugonga? Sablazo ni pigo la upanga, ila ukisikia jamaa kanipa sablazo ujue kaja kukopa hela na kurudisha hana nia. Hiyo Kiingereza chake ni he hit me up for money, kipigo tena. Nyie huko mna wapigaji wa hela za umma, basi dunia nzima ni wapigaji tu.

Haya sasa kupiga kwenyewe. Hawa watu kofi kwao ni chakula, sijui walikuwa na njaa gani. Torta ni keki na ni kofi, galleta ni biskuti na ni kofi, castaña ni chestnut, kokwa za kuchoma zinazouzwa barabarani wakati wa baridi na ni kipigo, leche ni maziwa lakini mtu akikwambia te voy a dar una leche usishike kikombe, kaa mbali. Kubwa lao ni hostia, h haitamkwi, ndo ile hostia ya komunio wanayopewa Wakatoliki kanisani, muulize jirani yetu yule wa kwaya atakuelewesha. Kwa Kiingereza weka smack au wallop. Na kama sie tunavokula kibao, nao wanakula, me comí una hostia, hata aliyejigonga mlangoni mwenyewe anasema hivo. Ila hilo neno ni la kihuni na linagusa dini ya watu, wewe lielewe tu usilitumie mbele ya wazee, sema bofetada, kofi la adabu.

Jikoni kwetu mpishi mkuu ni mtu mzima wa Extremadura, mkoa wa huku Hispania, akimkuta dogo wa kuosha vyombo anadokoa kroketa kwenye trei anamtua kiganja nyuma ya shingo, pah! Haiumi ila jiko zima linasikia, hiyo inaitwa colleja, Kiingereza kinakaribia kwa clip round the ear japo sikio halihusiki. Na kwenzi lipo! Linaitwa capón, kifundo cha kidole utosini vilevile kama la ustadhi wetu wa chuoni, na capón pia ni jogoo aliyehasiwa wanaemla Krismasi, si nlikwambia ni chakula tu.

Alafu shika hii mkia wa -azo, ukiugandisha kwenye kitu kinakuwa silaha. Codo kiwiko, codazo. Cabeza kichwa, cabezazo, yani headbutt. Zapatilla ndo ndara za ndani, zapatillazo huhitaji kufafanuliwa, mama zao na mama zetu walisoma skuli moja. Hiyo z itamke th ya thelathini na j iwe kh ya kheri, Mzanzibari hapo hupati taabu hata kidogo, waache Waingereza wahangaike na hiyo kh.

Kuiba: robar ni la kitabuni. Mtaani ni mangar, Kiingereza nick au pinch, na birlar, swipe. Mangar limetoka kwa Wagitano, Waroma wa huku Hispania, lugha yao Caló, asili yao India, na huko lilikuwa kuomba tu. Wana chorar pia, kuiba, na Mhindi yeyote wa dukani atakwambia chor ni mwizi. Ndo kukaja chorizo, mwizi, likagongana na chorizo ile soseji nyekundu ya nguruwe. Mwaka 2011 watu walipojaa Puerta del Sol, uwanja wa katikati ya Madrid, kuwakasirikia wanasiasa walikuwa na bango No hay pan para tanto chorizo, mkate hautoshi kwa chorizo zote hizi. Mie napenda sana hilo bango, matusi yenye akili.

Mchomoaji wa mifukoni ni carterista, pickpocket, anaekukwapulia mkoba akakimbia kafanya tirón. Shoga yangu walimchomolea simu kwenye treni hajui hata stesheni ipi, polisi wakaandika hurto sio robo, maana robo mpaka kuwe na nguvu, kutisha au kuvunja kitu, na hurto ya chini ya euro 400 kwa kawaida ni kosa dogo, mara nyingi faini tu. Uchungu wake lakini si mdogo.

Ukipata wageni wa Argentina geuza kidogo, kwao piña, ambalo huku ni nanasi, ni ngumi, na mwizi ni chorro, ambalo huku Madrid ni maji yanayochuruzika bombani.

Hela ya kozi natuma Ijumaa. Usimpe mtu mkononi, nenda ofisini kwao ulipe mwenyewe na risiti unipigie picha.

Dadaako