"Remember" si "kumbusha": tuanze na Kiswahili tunapokifundisha kitenzi hiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kitenzi kimoja cha Kiingereza ambacho nimekifundisha kwa miaka mingi katika shule za sekondari hapa mkoani Dodoma, nacho ni "remember". Wengi wetu tunaamini tunakijua kwa sababu tulikisikia tangu siku za mwanzo za kujifunza Kiingereza, tukaambiwa kuwa maana yake ni kukumbuka, tukaendelea na somo jingine.

Mwezi uliopita kijana mmoja jirani yangu hapa Chamwino alinionyesha barua aliyokuwa amemwandikia msaidizi wa mtu aliyeahidi kumlipia ada ya chuo. Mfadhili alikuwa kimya muhula mzima. Kijana aliona haya kudai, kwa hiyo hakuitaja ada popote, aliandika habari za masomo yake na za nyumbani, kisha akamalizia kwa sentensi ambayo aliitegemea ibebe haja yake yote: "Please remember me to the Director." Alikusudia kusema, "Tafadhali mkumbushe Mkurugenzi habari zangu." Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, fupi na lenye adabu: salamu zako zimefika, na Mkurugenzi naye anakusalimu sana.

Msaidizi yule hakukosea hata kidogo. Kwa Kiingereza, kumwomba mtu "remember me to" fulani ni kumwambia amfikishie huyo fulani salamu zako, kama sisi tunavyosema "nisalimie mama". Kosa ni letu sisi walimu, tuliompa kijana neno na maana yake bila kumweleza mipaka yake.

Chanzo cha kosa hili kimo katika uzuri wa lugha yetu wenyewe. Kiswahili kinajenga kukumbuka na kukumbusha juu ya mzizi mmoja, kwa utaratibu uleule unaotupa amka na amsha, anguka na angusha, chemka na chemsha, kauka na kausha. Mtoto wa miaka mitano hafundishwi jambo hili. Akijua maji yanachemka, anajua pia mama anayachemsha. Kwa hiyo mwanafunzi anapopewa "remember" kwa kukumbuka, akili yake inatarajia kwamba neno hilohilo, likiguswa kidogo, litatoa na kukumbusha. Kiingereza hakina mguso huo. Kukumbusha kuna kitenzi chake peke yake, "remind", chenye nasaba tofauti kabisa, na anayekumbushwa ndiye anayekuja mara baada ya kitenzi hicho. Baada ya "remember" huja kile kilichomo katika kumbukumbu. Ndiyo maana mwanafunzi anayemwambia mwalimu "remember me to bring the book" haombi akumbushwe kuleta kitabu, ingawa kila Mswahili anayemsikiliza atamwelewa.

Nasaba hizo mbili zinafaa kuelezwa, maana katika semina moja ya walimu niliyohudhuria, mwezeshaji alitufundisha kwa uhakika mkubwa kwamba "remember" maana yake ni kuunganisha tena viungo vya mwili vilivyotawanyika, kwa kuwa "member" ni kiungo. Nimeyasikia maneno hayo kanisani pia. Kwa mhubiri ni tafakuri nzuri, wala simzuii mtu kuitumia kama tafakuri, lakini kama maelezo ya asili ya neno si kweli. "Member" limetoka katika neno la Kilatini "membrum", yaani kiungo cha mwili. "Remember" limetoka katika "memor", yaani mwenye kuweka jambo akilini, ambalo Kilatini cha nyakati za baadaye kilijengea kitenzi "rememorari". Kifaransa cha kale kikakifupisha kuwa "remembrer", na baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066 na lugha yao kukaa huko kwa vizazi kadhaa, neno likaingia katika Kiingereza, ambako linaonekana katika maandishi ya karne ya 14. Waingereza walikuwa na kitenzi chao cha zamani, "gemunan", nacho kikafifia hata kikatoweka.

Inayowapotosha watu ni ile "b" ya katikati. Haikuwamo katika Kilatini. Wafaransa walipofupisha maneno, sauti za "m" na "r" zikajikuta zimebanana, na midomo ikatia "b" katikati ili kurahisisha matamshi. Jambo hilohilo lilitokea kwa "numerus" ya Kilatini, iliyokuwa "nombre" kwa Kifaransa, kisha "number" kwa Kiingereza, na leo ni "namba" kwetu. Lilitokea pia kwa "camera", yaani chumba, iliyofika kwetu kama chemba (nazungumzia chemba ya majitaka, si Wilaya ya Chemba). Kila tunapotaja namba ya simu tunaitamka "b" ya Wafaransa ambayo ni ndugu wa ile iliyomo katika "remember".

Ama "remind", hilo limetengenezwa na Waingereza wenyewe katika karne ya 17, kwa kuchukua "mind", ambalo katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kumbukumbu, na kulitanguliza kiambishi cha Kilatini chenye maana ya tena. Kukumbuka kumetoka Roma kupitia Ufaransa, kukumbusha kumeundwa palepale nyumbani, na hakuna kiambishi cha kumvusha mwanafunzi kutoka cha kwanza kwenda cha pili.

Kuna tofauti nyingine ambayo naiona nzito zaidi, kwa sababu inaweza kumgusa mgonjwa. "I remembered to take the medicine" ni kwamba nilikumbuka kumeza dawa, nikaimeza: kumbukumbu ilitangulia tendo. "I remember taking the medicine" ni kwamba nakumbuka kuwa niliimeza: tendo lilitangulia, na kumbukumbu inalitazama kwa nyuma. Kiswahili kinazitenganisha hali hizi bila shida, kwa "nilikumbuka kumeza" na "nakumbuka nilimeza", na mwanafunzi akishaziona sentensi hizo mbili ubaoni kwa lugha yake, umbo la Kiingereza linamkaa kichwani siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa "nakumbuka" na "nimekumbuka", ambazo hakuna anayezichanganya anapozungumza, lakini anapofika kwenye Kiingereza anaandika "I am remembering" mahali ambapo ingetosha kusema "I remember".

Hapa ndipo penye ombi langu. Watoto wetu wengi wanasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wanavuka kwenda sekondari ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, na katika kuvuka huko tunawaagiza waiache lugha yao mlangoni. Mimi naona tunawanyang'anya chombo. Neno kumbuka peke yake lina ukoo ambao mwanafunzi wa Dodoma anaishi nao kila siku: barua za serikali zinazozunguka mji huu zimeandikwa "Kumb. Na." kileleni, kikao kina kumbukumbu, Oktoba 14 ni kumbukizi ya Mwalimu Nyerere, vitu vya kale vinatunzwa makumbusho, na msomaji wa Biblia anakijua kitabu cha Kumbukumbu la Torati. Rafiki akikupigia baada ya kimya kirefu, anakuambia "nimekukumbuka", na hapo hazungumzii akili tu bali na moyo, jambo ambalo Kiingereza kingelieleza kwa kitenzi kingine. Mwalimu akianza na ukoo huu, akauonyesha unavyojengeka, kisha akaonyesha Kiingereza kinapoachana nao, mwanafunzi hatakuwa na sababu ya kubahatisha. Nawaomba waandishi wa vitabu vya kiada waweke mlinganisho wa namna hii, na nakuomba wewe, Ndugu Mhariri, utenge safu ndogo ya lugha ambapo walimu tutaandika kitenzi kimoja kila wiki.

Barua ya kijana tuliiandika upya Jumapili jioni, mezani kwangu. Safari hii ada imetajwa katika mstari wa kwanza, kiasi na tarehe ya mwisho ya kulipa, na "remind" limewekwa mahali pake, likifuatwa na Mkurugenzi. Salamu tumeziacha mwishoni, kwa maneno yaleyale aliyokuwa ameyaandika kwanza, kwa kuwa sasa anajua yanasema nini.

Mwalimu wa Kiingereza,
Chamwino, Dodoma