Mjomba, uliniuliza kwa nini nakwenda kulima kwa watu

Mjomba wangu,

Shikamoo. Uliniuliza kwa nini najitolea kwenda Ngazija, kisiwa cha Komoro, kusaidia wakulima ilhali shamba la babu hapa Ganda linaota magugu. Swali lako ni la haki, na wapo wengi Malindi wanaoniuliza hilo hilo, ndiyo maana nalijibu hadharani.

Mafunzo yetu ya kujiandaa na safari huanza alfajiri. Baada ya sala tunamwagilia vitalu, tunakunywa chai na mahamri kwa mbaazi, kisha ni jembe mpaka adhuhuri. Hayo unayajua kuliko mimi.

Kazi iliyonigusa zaidi ni ile ya kuuliza. Kabla ya kuruhusiwa kumshauri mkulima yeyote, tunapelekwa kwenye mashamba ya watu huko Kakuyuni kwa sharti moja: uliza, andika, usifundishe. Bibi mmoja alinieleza kwa nini hupanda mahindi kwenye vumbi, masika hayajaanguka. Mvua zetu hazikai, alisema, kwa hiyo mbegu iwe tayari ardhini inapoanza kunyesha. Kunde huziacha zitambae katikati ya mahindi ili udongo usiungue na jua, na zenyewe huurutubisha. Niliandika mpaka mkono ukachoka. Mtu kama yule angepaswa kulipwa kwa kutufundisha.

Alasiri tunaingia darasani. Huko nimejifunza jambo ambalo natamani kila nyumba yenye ghala ilijue. Mwaka 2004 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu, kwenye mahindi iliua watu 125 huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani. Kuvu hustawi mahindi yanapowekwa yangali na unyevu. Kupima unyevu hakuhitaji mashine: tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya glasi, tikisa dakika chache, acha zitulie. Chumvi ikiganda kwenye glasi, rudisha mahindi juani. Tafadhali mwambie na shangazi.

Jioni ni Kifaransa, kwa kuwa huko ndicho cha ofisini, ingawa Kikomori chenyewe masikio ya mtu wa pwani hukidaka upesi. Halafu tunasoma vanila, zao la huko. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu na kunyauka siku hiyo hiyo, na nje ya kwao Meksiko karibu halipati mdudu wa kulichavusha. Mkulima ndiye huinua kwa kijiti kile kijingozi kinachotenga dume na jike, akabonyeza chavua kwa kidole gumba, ua moja moja. Njia hiyo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius. Kila nikimkumbuka mtoto huyo moyo hunijaa.

Sasa jibu langu. Ngazija haina mto. Udongo wa mlima wa moto wa Karthala hunyonya maji yote, na watu huteka mvua kwenye matangi. Sisi tunapitiwa na mto Sabaki na bado mazao yanatukaukia. Nakwenda kutoa nguvu zangu, ndiyo, lakini pia nataka kuona wanavyoishi na maji machache hivyo, nije nikuonyeshe hapo Ganda. Na shamba la babu silitupi: ukiniruhusu, kabla sijaondoka tulipande pojo na muhogo.

Nina ombi pia. Wewe ndiye uliyenionyesha namna ya kumchokoa chonga, yule mdudu anayetoboa minazi, kwenye kilele cha mnazi kwa waya wenye ndoano. Wenzangu wamemwona mdudu huyo kwenye picha tu, na huko tuendako minazi ipo. Nimemwomba mwalimu akupe asubuhi moja uwafundishe, naye amekubali kwa furaha. Njoo wiki ijayo kabla jua halijakaza, uje na waya wako. Nauli ya bodaboda juu yangu.

Mpwa wako