Barua kwa mwanangu: Protini, umbo lake, na damu ya dada yako

Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako kutoka Njoro nimeipokea, na nimefurahi kuona kwamba biokemia imekushika. Unauliza kama ugonjwa wa selimundu unaomtesa dada yako mdogo unatokana na protini iliyojikunja vibaya, kwa kuwa mwenzako darasani anasisitiza kwamba ndivyo ulivyo. Jibu langu ni kwamba sivyo hasa. Naomba unisome kwa utulivu, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo inayoeleza namna tunavyomtunza hapa nyumbani.

Protini huanza kama mnyororo wa asidi amino, yaani molekuli ndogo zinazoijenga, na mnyororo huo hauna kazi mpaka ujikunje na kupata umbo lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Christian Anfinsen na wenzake walikichukua kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, kiitwacho ribonukilezi, chenye asidi amino 124, wakakikunjua kwa urea na kwa kemikali inayokata vifungo vyake vya salfa hata kikashindwa kufanya kazi. Kemikali hizo zilipoondolewa, kilijikunja upya chenyewe na kazi yake ikarejea. Maana yake ni kwamba maagizo ya umbo yamo katika mpangilio wa asidi amino wenyewe, na kwa ugunduzi huo Anfinsen alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1972. Jambo kubwa linalousukuma mnyororo ujikunje ni maji: asidi amino zinazoyakimbia hujificha ndani, na zinazoyapenda hubaki nje.

Zile zinazoyakimbia maji zikikosa kufichika, hutafuta za kushikana nazo. Ndiyo maana ute wa yai ukichemka huganda na haurudi tena kuwa ute. Seli zetu zina protini saidizi, ziitwazo shaperoni, ambazo kazi yake ni kuzuia mshikamano wa namna hiyo, lakini uwezo wa mwili kujilinda hupungua kadiri umri unavyosonga. Katika maradhi ya Alzheimer, ambayo daktari alituambia ndiyo ya nyanya yako, vipande vya protini iitwayo amiloidi beta hukusanyika nje ya seli za ubongo, na protini nyingine, tau, hujisokota ndani ya seli hizo. Huko ndiko kukunjika vibaya kwa kweli. Wanaonong'ona kijijini kwamba mzee wetu amerogwa wanamdhulumu, na wewe usikubali neno hilo lisemwe mbele yako.

Sasa tuje kwa dada yako. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, ina minyororo minne, miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja na miwili ya beta yenye 146. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu ni tofauti na ya mtu mwenye afya, na mwaka 1956 Vernon Ingram akaanza kuibainisha tofauti yenyewe: katika mnyororo wa beta, nafasi ya 6, asidi ya glutamiki inayopenda maji imeondoka na mahali pake pameshikwa na valini inayoyakimbia. Himoglobini hiyo hujikunja vizuri kabisa na hubeba oksijeni kama kawaida. Taabu huja inapoiachilia oksijeni, kwani umbo lake hubadilika kidogo, kijishimo kikafunuka ubavuni mwa molekuli, na valini ya molekuli jirani ikaingia humo. Nyingine hufuata, hata nyuzi ndefu ngumu zikaijaza seli, yaani chembe nyekundu ya damu.

Nimeliona jambo hili mara nyingi kwenye benchi langu la maabara. Ukichanganya tone la damu na sodiamu metabaisalfaiti inayoinyang'anya oksijeni, ukafunika kwa kipande chembamba cha kioo na kusubiri, chembe zilizokuwa mviringo huanza kurefuka chini ya hadubini, ncha zikachongoka na tumbo likapinda. Chembe hizo zikikwama katika mishipa midogo, ndipo mtoto analia kwa maumivu ya mifupa. Tena hazidumu: badala ya siku 120 hivi, nyingi huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, na ndiyo sababu ya upungufu wa damu na macho ya manjano.

Unajua kwamba mimi na baba yako kila mmoja ana jeni moja ya selimundu, na wewe pia. Anthony Allison, aliyekulia Gilgil, si mbali na hapo ulipo, aligundua kwamba jeni hiyo imeenea pwani na kandokando ya ziwa letu lakini ni haba nyanda za juu, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mwenye jeni moja hukingwa dhidi ya malaria kali. Hakuna laana katika ukoo wetu. Ila ukimpata mchumba, mpimwe kabla ya ndoa, kwa kuwa wazazi wawili kama sisi wana nafasi moja kati ya nne, katika kila mimba, ya kupata mtoto mgonjwa.

Nyuzi hizo hufumwa haraka zaidi himoglobini inapokolea ndani ya seli, na kwa hiyo tunamhimiza dada yako anywe maji kutwa nzima na tunamkinga na baridi na homa. Hidroksiurea, dawa uliyoniuliza, huufanya mwili uzalishe tena himoglobini ya mtoto mchanga, ile iliyomlinda miezi yake ya kwanza. Himoglobini hiyo ya uchanga haina mnyororo wa beta, nayo haiingii vizuri katika nyuzi hizo. Kwa hiyo mwenzako akisema kwamba dawa inainyoosha protini iliyopinda, mweleze kwamba himoglobini ya dada yako imebaki vilevile, na kwamba kilichobadilika ni kuwa sasa imechanganyika na nyingine isiyokubali kushikana nayo.

Ni mimi mama yako.