YAH: Malalamiko kuhusu "seti ya kanisa" (spika, amplifaya na mixa) mliyotuuzia Novemba 2024

Kamati ya Vyombo,
Ofisi ya Usharika,
Moshi Vijijini.

14 Januari 2025

Meneja,
Duka la Vyombo vya Muziki,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa niaba ya baraza la wazee wa usharika wetu. Nimepiga simu dukani kwenu mara sita tangu Krismasi. Mara nne nimeambiwa bosi ametoka, mara moja nimeambiwa nitume picha kwa WhatsApp, na mara ya mwisho simu ilipokelewa kisha ikawekwa mezani, nikabaki nasikiliza wateja wengine wakijaribishiwa spika. Ndiyo maana safari hii naandika.

Tarehe 16 Novemba tulikuja wanne: mimi, mhazini, mzee wa kanisa mmoja na kiongozi wa kwaya kuu. Tulimweleza kijana wenu wa mauzo mambo yote. Tulimwambia kanisa lina urefu wa mita 32 na upana wa mita 14, paa ni bati tupu lisilo na dari, sakafu ni ya vigae, na ukuta ni wa plasta na madirisha ya vioo. Watu kama 600 Jumapili ya kawaida. Tulimwambia tatizo letu ni neno, si muziki: mahubiri hayaeleweki kuanzia katikati kwenda nyuma. Mhazini alikuwa hata amechora ramani kwenye karatasi ya daftari. Kijana aliitazama, akaikunja, akaturudishia. Akasema, "Wazee wangu, msihangaike, tuna seti ya kanisa iko tayari." Kisha akaongeza kwamba ikifunguliwa sauti hadi mwisho itasikika hadi mji wa Himo.

Ndugu Meneja, hatukuwa na shida na watu wa Himo. Shida yetu ilikuwa benchi la kumi na nane, kule nyuma.

Nakiri na sisi tuna kosa letu. Majilio yalikuwa yanaanza tarehe 1 Desemba, tulikuwa na haraka, na yale maboksi manane meusi yalitupendeza macho. Mzee wa kanisa tuliyekuja naye alisema kitu kikubwa ndicho kinachofaa nyumba kubwa, na hakuna aliyembishia. Tukalipa shilingi 11,400,000. Hati ya mauzo imeandikwa mstari mmoja tu, "seti ya kanisa", bila kutaja aina wala idadi ya kilichomo. Nimeambatisha nakala yake pamoja na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Ningependa ujue fedha hizo zilikotoka. Kwetu, ibada ikiisha, kuna mnada nje ya kanisa. Watu huleta mkungu wa mshare, mayai, chupa ya maziwa, kuku, parachichi kwenye ndoo, na wengine hununua. Yupo mama aliyemleta jogoo, likakosekana dau la maana, akamnunua mwenyewe ili fungu la vyombo lisishuke. Tulifanya hivyo miezi kumi na minne. Kwa hiyo mkiniambia kwa simu kwamba "vitu vya umeme ndivyo vilivyo", nasikia mnamjibu yule mama.

Sasa kuhusu vifaa vyenyewe.

Fundi wenu alifika tarehe 28 Novemba jioni, akafunga kila kitu kwa saa tatu, akaondoka na giza. Hakupiga hata kofi moja ndani ya lile jengo kusikiliza linavyoitika. Mhazini wetu, ambaye ni mwalimu mstaafu wa fizikia, alikuja kulipiga baadaye likiwa tupu, akahesabu karibu sekunde tatu kabla sauti haijafa. Kwa maneno ya kusemwa, sekunde moja hivi ndiyo inayovumilika. Mwangwi ukikaa sekunde tatu, silabi ya kwanza inakuwa bado inazunguka kwenye bati wakati ya nne inatoka mdomoni. Ukiongeza sauti, unaongeza na mwangwi kwa kiasi kilekile. Hakuna kitufe cha mixa, ile mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti, kinachoweza kuvitenganisha. Kinachosaidia ni kuielekeza sauti kwa watu, kwa sababu nguo na miili ya watu huinyonya, na kuikwepesha na bati na ukuta unaoirudisha. Spika zenu zimefungwa juu kabisa, zinatazama mbele moja kwa moja, nusu ya sauti inaenda kwenye paa.

Mbili kati ya hizo zimefungwa ukutani nyuma ya mimbari. Yaani ziko mgongoni mwa mchungaji na zinaitazama maiki yake usoni. Matokeo yake maiki inapiga mluzi kila akiinua sauti, na fundi mitambo wetu, kijana wa kidato cha tatu, anaishusha hadi mchungaji anaonekana anatafuna. Jambo hili halihitaji chuo. Spika hukaa mbele ya maiki, si nyuma yake.

Spika mbili za katikati ziko mita 20 kutoka zile za mbele. Zote zinatoa neno kwa wakati mmoja, lakini sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliyekaa chini ya spika ya katikati analisikia neno hapohapo, kisha analisikia tena kutoka mbele baada ya milisekunde kama 60. Kanisa zima kuanzia hapo linasikia wachungaji wawili, mmoja akimfuata mwenzake kama mtoto anayeiga. Dawa yake ni kuzichelewesha spika za katikati, takriban milisekunde 3 kwa kila mita. Mixa ya chaneli 12 mliyotupa haina uwezo wa kuchelewesha. Kama kijana wenu angeifungua ile ramani ya mhazini, angeona.

Athari yake ni hii. Jumapili ya tarehe 8 Desemba lilitolewa tangazo la kikao cha msiba, saa tisa alasiri. Nusu ya watu walikuja saa sita. Sauti za i na a zilifika nyuma vizuri sana, ila t na s zilizamia kwenye mwangwi, na bila hizo tisa na sita ni neno moja. Wafiwa walikuwa bado hawajarudi kutoka kununua jeneza. Kwa wageni waliosubiri kwenye mvua saa tatu nzima, niliomba radhi mimi.

Bibi mmoja wa benchi la nyuma alinishika mkono siku hiyo. "Mwanangu," akasema, "tangu mlete haya madude mchungaji anahubiri kwa nguvu sana. Sijui anasema nini, lakini anasema kwa nguvu."

Zamani tulikuwa na spika mbili za pembe, za chuma, zile zinazofungwa kwenye gari la matangazo. Zilikuwa mbaya, zilikwaruza, na kwaya ikiimba ilikuwa kama inaimbia ndani ya sufuria. Lakini neno lilieleweka. Sikujua kwa nini hadi mhazini aliponieleza: pembe huibana sauti iende upande mmoja, na haina besi ya kulivuruga jengo. Kueleweka kwa maneno kunakaa zaidi kwenye sauti za juu, zile nyembamba, huko kwenye s, t, k na f. Simu ya mezani ilipitisha hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 hadi 3,400 tu na watu walipatana bei ya kahawa na kupeana habari za misiba. Nyinyi mmetuuzia sabufa mbili, spika za besi, za inchi 18. Zinatikisa vioo vya dirisha la upande wa sakristia. Kwa mahubiri hazina kazi yoyote.

Na zile wati 3,000 zilizobandikwa kwenye kila boksi kwa stika ya dhahabu? Kijitabu kilichokuwa ndani ya katoni kinasema wati 350 mfululizo. Hiyo 3,000 ni ya mpigo wa kufumba na kufumbua. Hata zingekuwa za kweli, kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo mtu wa kawaida akisikia anasema "kidogo". Sikuoni wewe kuwa ndiye uliyeibandika ile stika, lakini kijana wenu aliisoma kwa sauti mbele yetu kama mtu anayesoma zaburi.

Mvumo ule wa chini chini usiokoma, unaosikika watu wakinyamaza kuomba, nauacha. Kebo ya maiki imelazwa mita 25 sambamba na waya wa umeme; mtaiona mkija. Wala siwadai habari ya mvua. Masika ikipiga lile bati hakuna spika duniani itakayoishinda, hilo tunalijua tangu enzi za babu zetu.

Nakuja kwenye Krismasi.

Unajua Moshi wakati wa Krismasi. Watu wote wamerudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma, wamejaa hadi kwenye ngazi. Katika ibada ya pili, saa 5 kasoro, mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri ilipotoka harufu ya plastiki inayoungua, kisha moshi mwembamba, kisha kimya. Amplifaya ilikufa. Nilipopiga simu, jibu la kwanza la fundi wenu, kabla hajauliza swali lolote, lilikuwa "umeme wenu huko mlimani" na kwamba waranti ya mwaka mmoja haihusu umeme. Ndugu Meneja, tuna stabilaiza na ilikuwa inafanya kazi. Friji la nyumba ya mchungaji, kinanda, taa na feni vyote viko kwenye laini hiyohiyo na vyote ni vizima.

Tulichoona nyuma ya amplifaya ni hiki. Fundi wenu ameunganisha spika nne sambamba kwenye kila upande. Kila spika ina ukinzani wa omu 8. Nne sambamba zinakuwa omu 2. Na nyuma ya amplifaya hiyohiyo, kwa maandishi meupe ambayo hata mimi ninayevaa miwani nayasoma, imeandikwa ukinzani usipungue omu 4 kwa kila upande. Ukinzani ukipungua mkondo huongezeka, kwa hiyo mashine ilikuwa inalazimishwa kutoa mkondo usio wa kimo chake tangu siku ya kwanza. Ilivumilia mwezi mmoja. Siku ilipofunguliwa kwa nguvu kwa sababu ya umati, ikaungua. Hilo ni kosa la aliyeunganisha, si la umeme.

Siku ile iliokolewa na matarumbeta, ambayo hayajui umeme ni nini. Vijana walipiga tenzi mbili, mchungaji akashuka mimbarini, akasimama katikati ya njia baina ya mabenchi, akamalizia mahubiri kwa koo lake. Baada ya ibada watu kadhaa wa nyuma walikuja kutupongeza kwa kurekebisha vyombo. Nilikosa la kuwajibu.

Tunaomba haya. Kwanza, mtu anayejua kazi, si wa mauzo, aje na futi kamba apime jengo na alisikilize likiwa tupu na likiwa na watu. Pili, amplifaya ibadilishwe kwa mpya kwa gharama yenu, nayo iunganishwe kama maandishi yake yanavyotaka. Tatu, mchukue sabufa mbili na spika nne kati ya nane, ambazo hatuzihitaji, na thamani yake iende kwenye spika za nguzo, zile nyembamba ndefu zinazotawanya sauti kwa upana bila kuirusha juu sana, zifungwe kwenye nguzo za mbele ya mimbari zikiinamia watu, pamoja na mixa inayoweza kuchelewesha sauti ya spika za katikati. Tofauti ya bei ikizidi, tutaongea kama watu wazima. Mapazia mazito ya ukuta wa nyuma tutashona wenyewe. Umoja wa wanawake wameshaanza kuchanga. Kama hayo hayawezekani, chukueni seti yote mturudishie fedha.

Hatukuja dukani kununua kitu kwenye rafu tukanyamaza. Tulieleza kazi tunayoitaka, mkatuchagulia nyinyi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inalijua jambo hilo: mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi na kutegemea ujuzi wake, bidhaa inatakiwa ifae kwa matumizi hayo. Tunawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita kimya, tutapeleka nakala na viambatisho kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Nisingependa kufika huko. Arusha na Moshi ni kilomita 80 hivi, na sharika na parokia za huku zinaulizana kabla ya kununua.

Amplifaya iliyoungua iko kabatini ofisini, haijaguswa bisibisi. Waya zimeachwa kama fundi wenu alivyoziacha, na zimepigwa picha. Mtu wenu anakaribishwa Jumapili yoyote, ibada ya pili inaanza saa 4. Akifika, asikae mbele na wazee. Tumemwekea nafasi benchi la kumi na nane, karibu na yule bibi.

Wenu,

Katibu wa Kamati ya Vyombo,
kwa niaba ya Baraza la Wazee wa Usharika.

Nakala: Mchungaji Kiongozi, Mhazini wa Usharika.

Viambatisho: nakala ya hati ya mauzo, risiti ya EFD, picha nne za nyuma ya amplifaya, na ramani ya jengo ya mhazini, ileile mliyoirudisha imekunjwa.